Binti Aliyechoka Kushinda Bila Jasho

Ndugu wasikilizaji, juma hili sina la kusema juu ya bei ya sukari wala foleni za magari. Nina habari ya nyumbani kwangu, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa nadhani si ya nyumbani kwangu peke yake.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alinijia asubuhi, chai haijachemka. Hata salamu hakuimaliza. "Kaka," aliniambia, "mpwa wako anataka kunitia aibu. Anajifunza kupigana, tena kwenye ukumbi wenye wavulana. Wewe ndiwe mjomba wake. Nenda ukamkanye."

Huyo mpwa wangu ana miaka 17. Amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Hamjamwona, lakini mnamfahamu, maana kila mtaa una mmoja wa aina yake. Shuleni alikuwa anasoma usiku mmoja kabla ya mtihani, na asubuhi anawapita waliokesha mwezi mzima. Alijiunga na timu ya netiboli, baada ya majuma mawili akawa nahodha, baada ya miezi miwili akaacha. Mama yake alimfundisha cherehani. Akashona gauni kwa siku tatu, gauni zuri kabisa, kisha cherehani ikafunikwa kitambaa mpaka leo. Hata bao, mchezo wetu wazee, alijifunza kwangu barazani, na haukupita muda akawa ananifunga mbele ya wenzangu. Nalo akaliacha.

Sisi wakubwa tulikuwa na majina tayari: mvivu, kigeugeu, hana msimamo. Na yeye kila alipoulizwa ana nini alijibu neno moja: "Nimechoka." Amechoka na nini mtoto asiyelima wala kuteka maji? Tulicheka. Siku moja, kwenye simu, akaona picha za wanawake wawili wanapambana ndani ya uzio wa wavu. Akaziangalia usiku kucha. Juma lililofuata alikuwa amekwisha kugundua ukumbi nyuma ya gereji moja mtaa wa pili, vijana wanakofanya mazoezi jioni.

Basi nilikwenda. Nilikwenda nimekunja uso, kama inavyompasa mjomba. Nikakuta chumba kikubwa chenye joto, sakafu imetandikwa mikeka minene ya mpira, mwalimu wa makamo, wavulana kama kumi na wasichana watatu. Mpwa wangu, suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu, alikuwa anapambana na binti mmoja mwembamba ambaye, niliambiwa baadaye, asubuhi huuza maandazi. Mpwa wangu ana nguvu na ni mrefu. Akamrukia mwenzake kama anayekwenda kuokota ushindi. Haikupita dakika moja, yule muuza maandazi alikuwa amemtia mwereka, amemlaza chali, ameukamata mkono wake na kuunyoosha katikati ya mapaja yake. Mpwa wangu akapiga mkeka kwa kiganja, pa, pa. Papo hapo akaachiwa.

Nilidhani atalia, au atavaa viatu aondoke. Aliinuka anacheka, jasho linamtiririka, akasema neno moja: "Tena." Jioni ile nilihesabu. Aligonga mkeka mara sita.

Ndugu wasikilizaji, ule uso sijapata kuuona juu ya mtoto yule tangu alipokuwa mdogo. Nikasahau kilichonipeleka. Nikaketi kwenye benchi, nikamwomba mwalimu anieleze, na niliporudi nyumbani nikaendelea kusoma. Niliyojifunza ndiyo ninayotaka kuwagawia leo.

Mchezo huu ni wa mapigano mseto, na vijana huuita kwa herufi tatu, MMA. Ni mseto kwa sababu umechanganya ngumi, mateke, mieleka, judo na jujitsu. Bondia akiangushwa chini, mwamuzi husimamisha pambano na kuhesabu. Hapa pambano linaendelea hukohuko chini. Mshindi hupatikana kwa kumwangusha mwenzake kwa pigo, kwa mwamuzi kusimamisha, kwa pointi za majaji, au kwa mmoja kusalimu amri.

Wanaosema ni mchezo wa kihuni wana sababu ya kihistoria. Shindano la kwanza la kampuni ya UFC ya Marekani lilifanyika mjini Denver tarehe 12 Novemba 1993. Hapakuwa na uzito uliopangwa, na makatazo yalikuwa machache mno: usiuma, usitoboe macho. Mshindi alikuwa Royce Gracie wa Brazil, mmoja wa waliokuwa wembamba kuliko wenzao, ambaye aliwashinda watu wakubwa mmoja baada ya mwingine. Ilipoingia miaka ya 2000 zikaandikwa kanuni za pamoja. Leo kuna madaraja ya uzito, glavu, daktari kando ya ulingo, na raundi 3 za dakika 5, au 5 kama ni pambano la ubingwa. Ni marufuku kupiga kichwa kwa kichwa, kupiga kisogo, kupiga sehemu za siri, au kumpiga teke la kichwa aliye chini.

Lakini yule mtu mwembamba alishindaje? Hapa ndipo penye elimu. Mwaka 1914 mwana judo wa Kijapani, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil. Akamfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie, naye akawafundisha ndugu zake. Humo ikazaliwa jujitsu ya Kibrazili, ambayo msingi wake ni ule wa fundi anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo. Jiwe linamshinda nguvu, lakini akiegemeza mtaimbo mahali panapofaa, linanyanyuka. Katika kufuli la mkono, mtaimbo ni mkono wa mpinzani mwenyewe, egemeo ni nyonga yako, na anayesukuma ni mwili wako mzima dhidi ya kiwiko kimoja. Katika kabali ni vivyo hivyo: mishipa ya damu pembeni mwa shingo haijali kifua chako kina upana gani.

Ndiyo maana muuza maandazi alimshinda mpwa wangu. Na ndiyo maana, nikaelewa, mpwa wangu hakuchoka. Kila kitu alichowahi kukigusa kilimpa ushindi kabla hajatoa jasho. Mtihani haukumjibu. Cherehani haikumkatalia. Mimi na bao langu, Mungu anisamehe, sikumsumbua. Hapa amekutana na mtu anayemjibu, na jibu linabadilika kila siku. Akijifunza kukwepa kufuli la mkono, mwenzake anampa kabali. Sisi tulimwita mvivu, kumbe alikuwa kama mtu mwenye meno mazuri anayelishwa uji kila siku.

Sasa nije kwenye lile pa, pa. Kugonga ni kusalimu amri. Unagonga mkeka au mwili wa mwenzako, au unatamka, naye lazima akuachie mara moja. Asipoachia, hafai kuwa ukumbini. Nilidhani hiyo ni sehemu ya aibu, kumbe ndiyo inayowezesha mtoto kujifunza. Anayegonga mapema huenda nyumbani na kiwiko kizima na kesho anarudi. Anayekataa kugonga kwa kiburi anavunjika.

Nitawapa mfano wa wanawake wawili. Wa kwanza ni Ronda Rousey wa Marekani. Mama yake, AnnMaria De Mars, alikuwa bingwa wa dunia wa judo mwaka 1984. Binti alianza judo akiwa na miaka 11, akaenda Olimpiki ya Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 17, na Beijing mwaka 2008 akapata medali ya shaba. Baadaye akahamia mapigano mseto, na mapambano yake 8 ya kwanza ya kulipwa aliyamaliza yote kwa kufuli la mkono. Mwaka 2011 mkubwa wa UFC, Dana White, alikuwa ameulizwa lini wanawake watapigana katika kampuni yake, akajibu kuwa haitatokea kamwe. Februari 2013 wanawake walipigana, na aliyembadilisha mawazo ni huyo Rousey.

Wa pili ni Amanda Nunes, aliyekulia Pojuca, mji mdogo katika jimbo la Bahia nchini Brazil. Alikuwa mtoto asiyetulia. Karate alianza akiwa mdogo, mpira wa miguu akaucheza na kutamani kuufanya kazi, kisha katika ujana dada yake akamvuta kwenye jujitsu. Machi 2008 akapigana pambano lake la kwanza la kulipwa. Alinaswa kufuli la mkono, akapoteza katika sekunde 35. Fikirini, sekunde 35! Angekuwa mwanetu tungemwambia, "Si tulikwambia?" Yeye alirudi mazoezini. Akashinda, akapoteza tena mwaka 2011, na 2013, na 2014, kila mara akirudi.

Wawili hawa walikutana Las Vegas tarehe 30 Desemba 2016. Mwaka mmoja kabla, Rousey, ambaye hakuwa amewahi kupoteza pambano katika mchezo huu, alikuwa ameangushwa na Holly Holm mjini Melbourne mbele ya watu zaidi ya 56,000. Baadaye alieleza kwenye televisheni kwamba, katika chumba cha tiba usiku ule, aliwaza hata kujiua, kwa kuwa hakujua yeye ni nani tena kama si mshindi. Nunes alimmaliza kwa ngumi katika sekunde 48. Mwaka 2018 akaongeza mkanda wa uzito wa pili, mwaka 2021 akapoteza mmoja, mwaka uliofuata akaurudisha, na alipotangaza kustaafu Juni 2023 alikuwa na mikanda yote miwili.

Simdharau Rousey hata kidogo. Alifungua mlango ambao wengine wote wamepitia, na kusema hadharani lililompata kulihitaji moyo. Nasema tu kwamba maneno yake yalinitisha, kwa sababu nilimwona ndani yake mpwa wangu, mtoto aliyezoeshwa na sisi wenyewe kwamba thamani yake ni kuwa wa kwanza. Mtoto wa namna hiyo tunamsifu mpaka siku anaposhindwa, na siku hiyo hatumwoni akiwa na chombo chochote mkononi. Afadhali ashindwe mara sita jioni moja, juu ya mkeka, akiwa na rafiki anayemwachia.

Je, hakuna hatari? Ipo, na mwalimu hakunificha. Ngumi ya kichwa hutikisa ubongo, na ubongo hauna spea. Kuna pia ule mchezo wa kujikausha maji ili kuingia daraja la chini la uzito. Desemba 2015, mjini Manila, mpiganaji kijana kutoka China, Yang Jian Bing, alifariki akiwa katika kupunguza uzito kabla ya pambano. Na kuna hatari nyingine ambayo si ya mchezo huu peke yake: mwalimu mbaya na mlango uliofungwa.

Kwa hiyo nilirudi kwa mdogo wangu, sikumkanya mtoto kama nilivyotumwa, ila nilikwenda na masharti. Mpaka atakapokuwa mtu mzima, mieleka na jujitsu tu, hakuna kupigwa ngumi za kichwa. Hakuna kujinyima maji wala chakula kwa ajili ya mizani. Mazoezi ni jioni, mlango wazi, wasichana wengine wakiwepo, na mzazi aruhusiwe kuingia saa yoyote bila taarifa. Akiumwa kichwa baada ya kuanguka, anakwenda kwa daktari na harudi mpaka aruhusiwe. Na matokeo yakitoka, shule kwanza. Mwalimu alikubali yote. Ningekuwa nimeona anasitasita hata katika moja, mpwa wangu angerudi kwenye netiboli.

Mdogo wangu alinuna siku tatu. "Nilikutuma ukamtoe," alisema, "wewe umekwenda kumwandikisha!" Nikamwambia aende akaone kwa macho yake.

Jumamosi alikwenda. Alikaa kwenye lile benchi, mkoba mapajani, ushungi umemziba nusu ya uso. Binti yake alipolazwa chali na kugonga, mama alisimama nusu, akaketi tena. Mara ya pili hakusimama. Mara ya tatu binti aligeuka, akachomoa mkono, akawa juu, na safari hii aliyegonga ni muuza maandazi. Wakakumbatiana wakicheka. Mdogo wangu hakusema kitu. Tulipokuwa tunarudi, tumekaribia kabisa nyumbani, akaniuliza kama zile fulana zao zinafuliwa kwa maji ya moto au ya baridi.

Mpwa wangu sasa yuko mwezi wa pili. Ni mara ya kwanza kitu kumshinda muda mrefu kiasi hicho, na bado anakwenda.

Kwa juma hili naishia hapo, ndugu wasikilizaji. Tukijaliwa tutaonana juma lijalo, saa ileile.