Usanifu wa Mandhari kwa Kupunguza Mzio wa Chavua: Mfano wa Mji wa Tukuyu, Wilaya ya Rungwe

Mzio wa chavua unapojadiliwa, lawama huelekezwa mara nyingi kwenye maua yenye rangi na harufu. Lawama hiyo haina msingi mkubwa. Mimea ya namna hiyo huchavushwa na wadudu au ndege. Chavua yake ni nzito, hunata, wala haipeperuki mbali. Chavua inayoleta mafua ya mzio na kuchochea pumu hutoka hasa kwenye mimea inayotegemea upepo, ambayo maua yake hayamvutii yeyote. Kigezo cha kwanza cha msanifu wa mandhari, basi, ni njia ya uchavushaji.

Kwa kigezo hicho, migomba, chai na miparachichi ya miteremko ya Rungwe haina hatari kubwa. Hata misindano ya Shamba la Miti Kiwira, ambayo unga wake wa manjano huonekana kwa macho, ni nadra kuleta mzio. Mashaka yako kwenye mimea isiyotazamwa: ukoka wa viwanja vya shule, matete ya kando ya barabara na nyua za mikrismasi (Cupressus lusitanica).

Mtaalamu wa bustani wa Marekani, Thomas Ogren, aliyeipanga mimea katika kipimo cha 1 hadi 10 kwa kadiri ya mzio inaouleta, anashauri kupanda miti jike, kwa kuwa miti dume ndiyo imwagayo chavua. Ushauri huo hausaidii kwa mkrismasi, kwani mti mmoja hubeba koni dume na koni jike. Kinachobaki ni kuupogoa kabla koni dume hazijakomaa, au kuupanda mbali na madirisha ya madarasa na wodi.

Kuhusu nyasi, suluhisho liko karibu zaidi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hukata matete yakiwa machanga, maana yakichanua hukomaa na lishe yake hupungua. Ukataji huohuo huzuia chavua. Shule inayowaruhusu wafugaji jirani kukata majani ya eneo lake kabla hayajatoa masuke hupata kinga bila gharama.

Mvua nyingi ya Tukuyu huosha hewa, lakini si kinga ya kutegemewa. Mjini Melbourne, Novemba 2016, dhoruba ya radi ilikuja wakati hewa imejaa chavua ya nyasi. Chembe zilipasuka kwa unyevu, vipande vyake vikavutwa hadi ndani ya mapafu, na watu 10 wakafariki. Ukataji wa nyasi, kwa hiyo, hauwezi kuahirishwa kwa hoja kwamba mvua inakaribia.