Ngumi Kabla ya Swali

Mfungwa kijana akimpiga mwenzake kwa sababu amekanyagwa kwenye foleni ya chakula, watu huwa na maelezo mawili mkononi: ama kazaliwa mkorofi, ama gereza limemharibu. Wanasaikolojia wanaongeza la tatu, na ndilo ninalolitetea hapa. Ngumi hutanguliwa na tafsiri. Kati ya kukanyagwa na kupiga, akili hujiuliza haraka sana, "Amekusudia?" na kwa vijana wengi walio kifungoni jibu huwa limekwisha kuandaliwa: ndiyo, amekusudia.

Mwaka 1990 Kenneth Dodge na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wavulana 128 waliokuwa katika gereza la wakosaji wadogo lenye ulinzi mkali. Walipima namna kila mmoja anavyosoma nia ya mtu mwingine. Kadiri mvulana alivyoelekea kuona uadui mahali ambapo haukuwepo, ndivyo rekodi yake ya makosa ya kudhuru watu ilivyokuwa nzito. Kwa makosa yasiyohusu kumdhuru mtu, uhusiano huo haukuonekana. Wala uhusiano na makosa ya kudhuru watu haukufutika baada ya kuzingatia akili, rangi na hali ya uchumi ya familia. Maana yake ni kwamba kilichopimwa hakikuwa ubaya wa jumla jumla, bali kosa mahususi la kusoma watu, linaloambatana na ugomvi wa kujibu mapigo.

Kosa hilo hujengwa mapema. Mwaka huohuo Dodge, John Bates na Gregory Pettit walitoa ripoti nyingine, juu ya watoto 309 wadogo. Waliokuwa wameumizwa kwa kipigo nyumbani walionekana baadaye kuwa wagomvi zaidi, na sehemu ya sababu ilikuwa hiyohiyo: walikuwa wepesi wa kumpachika mwenzao nia mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mtoto aliyelelewa kwa makofi hana haja ya kufundishwa kushtuka. Kisha huja umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia mtu kusita na kupima kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Kijana wa miaka 17 ana kengele ya hatari inayolia upesi, lakini breki bado hazijakaza.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba vijana hawa hawakosei. Gerezani maadui wapo kweli, na anayesubiri uthibitisho anaweza kupigwa kwanza. Nakubali. Mazoea haya yaliwahi kumlinda mtu mtaani, na pengine bado yanamlinda bwenini. Shida ni kwamba hayachagui: yanafanya kazi vilevile mbele ya adui, mwalimu na askari anayeuliza jina. Katika programu moja ya vijana mjini Chicago, wavulana hupangwa wawiliwawili. Mmoja hushika mpira, mwingine hupewa sekunde 30 za kuupata. Kwa kawaida huanza kuvutana na kukunjana. Baadaye kiongozi huuliza kwa nini hakuna aliyeomba tu, na mwenye mpira, akiulizwa, husema angeutoa. Zoezi halimwambii kijana kwamba kupigana ni vibaya, jambo ambalo ameshaambiwa mara nyingi bila faida. Linamwonyesha kwamba alichagua bila kujua kwamba anachagua.

Mazoezi ya fikra ya namna hiyo yalijaribiwa pia katika mahabusu ya watoto ya Kaunti ya Cook, humohumo Chicago. Utafiti wa Sara Heller na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliopitia mpango huo walirudi mahabusu kwa asilimia 21 pungufu. Kipimo hicho, ni kweli, ni cha kurudi kifungoni, si cha ngumi za bwenini. Tena mpango wa huko ulibeba mambo mengine zaidi ya mazoezi ya fikra, hivyo sifa yote haiwezi kuangukia mazoezi peke yake.

Wapo watakaotaja lishe. Katika gereza la vijana la Aylesbury, Uingereza, watafiti walioripoti mwaka 2002 waliwapa baadhi ya wafungwa 231 vidonge vya vitamini, madini na mafuta muhimu. Makosa yao ya kinidhamu yalikuwa machache kwa takriban asilimia 26 kuliko ya waliopewa vidonge bandia. Sioni ugomvi hapo, kwani tafsiri hufanywa na ubongo, na ubongo hula. Kigumu zaidi ni mbabe anayepiga ili anyang'anye sabuni au aogopwe. Yeye hajakosea kusoma nia ya mtu. Anajua anachotaka, na zoezi la mpira halimfai.

Ndiyo maana adhabu moja kwa wote haina mantiki. Kumfungia peke yake kijana anayesoma vibaya nia za watu kunamnyima kitu anachohitaji kujifunza, yaani watu wa kuwasoma upya. Na kabla ya kuamua adhabu, afisa wa nidhamu angeweza kumuuliza jambo ambalo ripoti ya vurugu haina nafasi yake: ulidhani mwenzako alikuwa anataka nini?