Je, Wajua? Picha, Jina na Shuka Lililotundikwa Nyuma

Je, wajua kwamba shuka la kitandani limewahi kufanya kazi ya kalenda? Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alijifunza useremala kabla ya picha. Kamera yake ya kwanza, Kodak ndogo, ililetwa mwaka 1935 na mzee mmoja wa ukoo aliyetoka safari Senegal. Alipofungua studio mwaka 1948 alitundika ukutani shuka lake mwenyewe, lenye matamvua, likawa ndilo pazia la nyuma. Kila baada ya miaka miwili mitatu alibadilisha kitambaa. Kwa hiyo picha ambayo hakuna aliyeiandika tarehe inaweza kukadiriwa mwaka wake kwa kutazama maua au vipande vya nakshi vilivyo nyuma ya mteja.

Mteja wa Keïta kwa kawaida alipigwa picha moja tu, kwa mwanga wa jua. Filamu ilikuwa ghali. Ndiyo maana maandalizi yalichukua muda: bega ligeuke kidogo, vidole vya mkono vionekane, kitambaa cha kichwa kikae sawa. Suti, saa, kalamu na redio za kuazima zilikuwapo studioni. Wapo wanaosema picha za namna hiyo zinadanganya. Mimi sioni uongo. Saa ilikuwa ya studio, lakini mtu aliyetaka kuonekana ameivaa alikuwa yeye mwenyewe, na matumaini yake ya mji mpya yalikuwa ya kweli. Miaka ile Mali ilikuwa inaelekea uhuru wa 1960, na watu wa Bamako walikuwa wakijipanga upya, mmoja mmoja, mbele ya shuka.

Na je, wajua kwamba picha hizo zilipoonyeshwa New York mwaka 1991, chini yake iliandikwa kuwa mpiga picha hajulikani? Alikuwa hai. Alikuwa Bamako. Mtu aliyesafiri kumtafuta aliuliza mjini, akafikishwa kwake. Miaka mitatu baadaye Paris ilimwandalia maonyesho yake peke yake, safari hii jina likiwa juu.

Hapa pwani, Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, enzi za Sultani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 mlango wake ulikuwa bado wazi. Nyumba ngapi za Unguja zina picha yenye mhuri wa studio nyuma, bila jina la aliyepigwa?

Je, wajua kwamba kuna msanii aliyeanza kujipiga picha kwa sababu utotoni hakupigwa hata moja? Samuel Fosso alizaliwa Kamerun mwaka 1962 akiwa na ulemavu wa viungo. Ingawa ilikuwa desturi kumpeleka mtoto mchanga studio, yeye hakupelekwa. Alilelewa Nigeria na bibi yake, akaponea vita vya Biafra, kisha akachukuliwa na mjomba wake hadi Bangui. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake. Jioni, wateja wakiisha, alimalizia filamu iliyobaki kwa kujipiga mwenyewe, na picha nyingine akamtumia bibi Nigeria aone kwamba mjukuu anaendelea vizuri. Salamu hizo kwa bibi leo ziko katika makumbusho makubwa duniani. Zilikaribia kupotea: mwaka 2014, katika machafuko ya Bangui, nyumba yake iliporwa na negativu zikamwagwa barabarani. Waandishi wa habari waliokuwa karibu waliziokota.

Je, wajua kwamba Ernest Cole wa Afrika Kusini alibadilisha jina ili aweze kupiga picha? Alizaliwa akiitwa Kole. Chini ya ubaguzi wa rangi, Mwafrika alibanwa na pasi kila alipokanyaga, kama babu zetu wa Kenya walivyobanwa na kipande kilichoning'inia shingoni. Kole akajiandikisha upya kama chotara, akawa Cole, na jina hilo likampa nafasi ya kutembea na kamera kwenye migodi, treni na mahabusu. Aliondoka mwaka 1966. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata na kikapigwa marufuku kwao. Alifariki New York Februari 1990, siku chache tu baada ya Mandela kutoka gerezani. Mwaka 2017 negativu zake zaidi ya 60,000 zilikutwa zimehifadhiwa benki nchini Uswidi.

Mwenzake wa Afrika Kusini, Santu Mofokeng, katika miaka ya 1990 alizikusanya picha za familia za Waafrika wa mijini zilizopigwa kati ya 1890 na 1950. Ni akina mama wenye kofia na akina baba wenye vizibao, wameketi kwa utulivu studioni, katika enzi ambayo dola iliwataka wapigwe picha kama wenyeji wa porini. Mofokeng alizunguka akiuliza: huyu nani, siku hiyo kulikuwa na nini? Mara nyingi hakukuwa na wa kujibu.

Lebohang Kganye, msanii wa nchi hiyo hiyo, alimpata wa kumjibu. Mama yake alifariki mwaka 2010, akaacha albamu na kabati la nguo. Binti alizivaa nguo zile zile, akaenda mahali pale pale, akasimama mkao ule ule, kisha akaiweka picha yake juu ya ile ya mama, wawili wakawa kama mtu na kivuli chake. Mradi aliuita Ke Lefa Laka, yaani urithi wangu kwa Kisotho. Ukoo wao wenyewe unaandikwa kwa namna tatu, Kganye, Khanye na Khanyi, kwa jinsi makarani walivyosikia kila familia ilipohamishwa. Bibi yake ndiye aliyemsimulia hadithi za picha zile.