Msumari, Mfupa na Mwalimu Aliye Mbali

Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko yote katika mwili wa binadamu. Unapovunjika, misuli minene huvuta vipande vyake vikapandana, na mguu hufupika. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kumlaza mgonjwa wiki kadhaa, mguu ukivutwa kwa kamba yenye uzito. Mkulima aliyelazwa hivyo hupoteza msimu mzima, na goti lake hukakamaa.

Mwaka 1939, mjini Kiel, Ujerumani, daktari Gerhard Küntscher alipitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya mfereji wa uboho. Baadaye misumari ikatobolewa matundu ya skrubu, ili vipande visizunguke wala kupandana. Lakini matundu hayo yamo ndani ya mfupa na hayaonekani. Hospitali zenye uwezo hutumia mtambo wa eksirei unaoonyesha picha upasuaji ukiendelea. Zisizo nao zifanyeje?

Kwa ajili ya hospitali hizo, daktari Lewis Zirkle wa Marekani aliasisi shirika la SIGN mwaka 1999. Msumari wao hushikizwa kwenye mkono wa chuma ulio nje ya mguu, nao humwonyesha mpasuaji pa kutoboa. Umetumika pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Ajabu zaidi ya chombo chenyewe ni taarifa zake. Mpasuaji hupeleka kwa intaneti picha za eksirei za kila mgonjwa. Wenzake wenye uzoefu, pengine walio bara jingine, huzikagua na kumwambia waziwazi: skrubu hii imekosa tundu, msumari huu ni mfupi. Maandiko hayakosekani. Kundi la AO, lililoanzishwa Uswisi mwaka 1958, limeweka kwenye intaneti, bila malipo, hatua za upasuaji zilizokaguliwa na mabingwa. Hata hivyo, kurasa hazimwambii mtu kosa la mkono wake mwenyewe. Picha nazo hazifundishi jinsi mfupa unavyoupinga mkono unaokereza. Hilo, hapana budi, hujifunzwa ubavuni mwa mwalimu.

Miezi ikipita hutakiwa picha nyingine, isiyo ya eksirei: mgonjwa akichuchumaa huku akitabasamu. Nyonga na goti vikikunjika hivyo pasipo maumivu, wakaguzi hujua kwamba mfupa unaunga vyema, na mwenye mguu anaweza kurudi shambani.