Gari la umeme: betri ya kwenye karatasi na ile ya barabarani

Wafanyabiashara wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani wamezoea kuuliza mwaka, kilomita na ukubwa wa injini. Kwa gari la umeme swali la kwanza ni jingine: betri imebakiwa na uwezo gani unaotumika?

Tuchukue Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka 2010 likiwa na betri ya kWh 24. Usizihesabu zote. Kompyuta ya gari huzuia sehemu ya chaji isiguswe ili betri isiharibike haraka, na dereva hubaki na takriban 21. Watengenezaji wengine hutangaza kiasi kinachotumika tu: Volkswagen ID.3 ya kWh 58 ina betri ya 62. Kwa hiyo mnapolinganisha bei, ulizeni namba iliyoandikwa ni ipi kati ya hizo mbili.

Kisha kuna uchakavu. Leaf hilo la kWh 24 halina mfumo wa maji wa kupoza betri, na joto huichosha. Pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna vistari 12 vidogo vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Havilingani. Cha kwanza huzimika uwezo ukishapungua kwa asilimia 15 hivi, vinavyofuata kila baada ya asilimia 6 na ushee. Gari lenye vistari 9 si robo tatu, kama wengi wanavyodhani. Limebaki na kati ya asilimia 66 na 72.

Hapa ndipo wasafirishaji wanapoumia. Chaji ikisoma asilimia 100, ni mia ya kile kilichobaki. Asilimia 70 ya 21 haifiki kWh 15, na gari hili hula takriban 15 kwa kilomita 100, zaidi likikimbizwa. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi. Dereva wa magari ya IT aliyezoea kuendesha hadi Tunduma asikabidhiwe funguo. Lipandishwe kwenye lori la kubebea magari, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei kabla ya kuagiza.

Picha ya dashibodi haitoshi, maana kuna wanaochezea kompyuta vistari vikarudi 12, kisha vikaanza kushuka tena gari likishatumika. Mwombeni muuzaji picha ya programu ya LeafSpy, inayosoma betri kupitia kifaa kidogo cha OBD. Tazameni asilimia iliyoandikwa SOH, na kama volti za seli zinakaribiana. Akisema hana kifaa hicho, si cha bei kubwa. Anunue, au apunguze bei ya gari.