Vuli ya Kariakoo Huanzia Sumatra

Chupa ya maji ikitolewa kwenye deli la barafu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mchana wa mwezi Machi, haichukui dakika mbili kabla ya kulowa kwa nje. Wala haivuji. Maji yale yametoka hewani. Hewa yenye nyuzi joto 30, ikishiba kabisa, hubeba takribani gramu 30 za mvuke katika kila meta moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi joto 20, inaweza kubeba gramu 17 tu. Mvuke unaozidi hauna budi kurudi kuwa maji, na hapo unaushika mkononi ukiwa umetanda juu ya chupa.

Mvua yote inayonyesha duniani inatokana na jambo hilohilo, ila angani hewa hupoa kwa kupanda. Hewa ina uzito: ile iliyo juu ya kila meta ya mraba ya Kariakoo hukaribia tani 10, nasi hatuusikii mzigo huo kwa kuwa miili yetu nayo inasukuma kwa nguvu ileile kutoka ndani. Ukipanda juu, uzito huo unapungua. Hewa iliyokuwa imebanwa inapanuka, na katika kupanuka inapoteza joto, karibu nyuzi 10 kila kilometa moja kabla mvuke haujaanza kurudi kuwa maji. Mvuke wake hunasa kwenye vumbi, moshi na chembe za chumvi ya bahari, wingu likazaliwa. Wingu la radi katika ukanda wetu wa Ikweta laweza kusimama hadi kilometa 16. Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa kavu na oksijeni 21, lakini gesi hizo mbili hazileti mvua hata tone. Kazi yote hiyo ni ya mvuke, ambao ni sehemu ndogo sana ya hewa tunayovuta.

Dar es Salaam haikosi mvuke. Bahari iko hapo Feri. Swali linalomhusu mfanyabiashara ni nani ataupandisha juu, na lini. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jibu ni pepo ambazo watu wa pwani wanazifahamu tangu enzi za majahazi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kusi ikatawala katikati ya mwaka. Zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu, na mstari wa makutano hayo ndio ambao watabiri wetu huuita Ukanda Mvua. Ukanda huo hulifuata jua. Ukipita kwetu kati ya Machi na Mei tunapata masika. Ukirudi kuelekea kusini, Oktoba hadi Desemba, tunapata vuli.

Masika hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. Vuli ndiyo isiyotabirika kwa mazoea: mwaka huu manyunyu, mwaka ujao mafuriko. Kwa muda mrefu lawama zote zilielekezwa kwa El Niño, joto la Bahari ya Pasifiki. Lakini vuli ya 1961, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika, iliwatatiza wataalamu. Mvua ilinyesha Afrika Mashariki kwa wingi ajabu, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya meta 2, ilhali mwaka ule haukuwa wa El Niño.

Jibu lilichapishwa 1999 katika jarida la Nature, na watafiti Saji, Goswami, Vinayachandran na Yamagata. Walionyesha kwamba Bahari ya Hindi ina mabadiliko yake yenyewe. Kwa kawaida maji yenye joto zaidi hukaa upande wa mashariki, kuelekea Indonesia, na mawingu makubwa hujijenga huko. Miaka mingine upepo wa kusini mashariki huzidi nguvu pwani ya Sumatra, maji baridi yakaibuka kutoka kilindini, na joto likasogea upande wetu. Pepo za Ikweta zinageuka na kuvuma kuja Afrika, zikiwa na shehena ya mvuke. Indonesia inakauka, misitu yake inashika moto. Afrika Mashariki inalowa. Hiyo ndiyo Dipole ya Bahari ya Hindi katika hali yake chanya. Mwaka 1997 ilifuatana na El Niño, vivyo hivyo 2023. Mwaka 2019 ilikuja na nguvu kubwa bila El Niño kubwa kuisaidia, na mvua za vuli zikapita kiasi.

Kwa maoni yangu, jambo hili lilistahili kuzungumzwa katika vijiwe vya kahawa vya Kariakoo mara nyingi kama bei ya dola. Bahari hubadilika polepole, ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huweza kutoa mwelekeo wa vuli kwa kawaida mwezi Agosti. Mwenye stoo ya chini ana wiki kadhaa za kuinua marobota ya mitumba kutoka sakafuni, na anayeagiza mzigo Guangzhou bado ana nafasi ya kupanga upya.

Mwelekeo wa msimu hautaji siku, hata hivyo. Desemba 2011 zaidi ya milimita 150 zilinyesha Dar es Salaam katika siku moja, na watu wakapoteza maisha mabondeni. Milimita moja ni lita moja kwa kila meta ya mraba. Kibanda cha meta mbili kwa mbili kilipokea zaidi ya lita 600 siku ile, na lami na zege havinywi maji. Kwa siku yenyewe yapo matangazo ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, nayo yasomwe pamoja na ya Mkoa wa Pwani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kuelekea mkoa huo, unapita Vingunguti na Kigogo kabla ya kufika Jangwani. Anayefunga duka jioni akirudi Magomeni asitazame wingu lililo juu ya Kariakoo peke yake: maji yatakayoikata Barabara ya Morogoro pale Jangwani huenda yamekwisha kunyesha Pugu tangu mchana.