Mbwa Mgonjwa: Ungoje au Ukimbie?

Kwetu Ngenge, wilayani Muleba, mbwa ndiye mlinzi wa zizi. Akiugua twasema, “Atapona mwenyewe.”

Mwaka mmoja mbwa wangu alishindwa kumeza, udenda ukamtoka. Nikadhani amekwamwa na mfupa; nusura nimtie mkono kinywani. Jirani akanivuta: “Ndugu yangu, hicho si kichaa cha mbwa?” Siku ya pili mbwa alikufa.

Basi tazama kwanza tabia. Mpole aliyegeuka mkali, au asiyeweza kumeza, usimguse. Mwite bwana mifugo mara moja. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni nadra mno.

Tabia ikiwa ya kawaida, tazama mwili. Mwenye fizi nyeupe, anayehema kwa shida, au mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu, asingoje kukuche. Aliyesusa chakula siku moja, huku akinywa maji na kutikisa mkia, aweza kungoja kesho.

Na aliye mzima? Huyo apelekwe chanjo kila mwaka. Kwa leo ni hayo.